Wifi yangu, bima ya gari si dharura

Wifi yangu,

Kwanza nikutoe wasiwasi: kaka yangu hajanituma. Akijua nimeandika atauliza nimeanza lini kuingilia mambo ya nyumba yake, na hapo sitakuwa na jibu. Naandika kwa sababu ulisema unabana matumizi hadi mwisho na bado hela haitoshi, kisha ukaanza kujilaumu kwa vitu vidogo vidogo vya kila siku.

Hapo sikubaliani nawe. Bandu bandu huisha gogo, sawa, lakini gogo lenu halikuisha kwa bandu bandu. Linapigwa shoka mara nne au tano kwa mwaka, na kila pigo mnaliita dharura.

Hebu irudie ile orodha uliyonisomea: bima ya gari, ada, sare, matairi, daktari wa meno. Bima ina tarehe ya kuisha, imechapishwa kwenye karatasi yake. Ada mliijua tangu siku mtoto alipoandikishwa. Sare zitambana tu, maana mtoto anakua. Dharura ni jambo ambalo hakuna aliyeweza kulitajia siku: ugonjwa, ajali, kazi kusimama ghafla. Hilo linastahili akiba yake peke yake, nami nakuomba usiiguse kwa ajili ya matairi. Hayo mengine ni bili za kawaida, ila tu haziji kila mwezi.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mnaingiza 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka. Kusanya bili zote za mara moja moja uone zinafika wapi. Zikifika 180, gawanya kwa 12, unapata 15. Maana yake kipato chenu cha mwezi si 100. Ni 85. Ile 15 imeshatumika, hata kama bado mnaiona kwenye akaunti. Miezi ambayo hakuna bili mnaishi maisha ya 100, mnajiona mko vizuri, kisha bili inafika na wewe unaanza kutafuta nani alipoteza hela. Hakuna aliyepoteza.

Vitu vinavyochakaa navyo vina hesabu yake. Jokofu la bei ya 60 mnalotarajia lidumu miaka 10 linawagharimu 6 kwa mwaka, nusu kwa mwezi. Halitakufa siku ileile uliyoipanga, lakini litakufa.

Ile kanuni uliyonitumia ya 50, 30 na 20, yaani nusu ya kipato baada ya kodi iende kwenye mahitaji, asilimia 30 kwenye matamanio na asilimia 20 kwenye akiba na madeni, ilienezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta Marekani, pamoja na bintiye Amelia. Si mbaya. Lakini nyumba ambayo mahitaji yake yanakula 70 haitapona kwa kuambiwa yapaswa kuwa 50. Anza na 85 yako kwanza, ndipo uone mgawanyo gani unawezekana.

Ugumu uko mwaka wa kwanza, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Ikiwa ada ni 30 na imebaki miezi mitatu, huwezi kugawanya kwa 12. Unagawanya kwa 3, na hiyo ni 10 kila mwezi. Inauma. Ikishalipwa, ikiwa ni ya mwaka mzima, unaanza kuiandaa ya mwaka ujao na inashuka hadi 2.5 kwa mwezi. Kwa hiyo usijaribu kuweka akiba ya bili zote kwa pamoja. Anza na bili iliyo karibu zaidi, kisha sogea kwa inayofuata.

Hela hiyo ikae akaunti nyingine, mbali na ile mnayolipia matumizi ya kila siku. Najua kaka yangu atasema hela ni hela, ikae popote. Richard Thaler, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alichunguza jinsi watu wanavyogawa hela kwa mafungu vichwani mwao na kuzitumia tofauti kulingana na fungu. Wachumi huona tabia hiyo kama kasoro. Kwako wewe iwe msaada: fungu likishakuwa na jina la ada, mkono unasita.

Nakusisitizia haya kwa sababu ya mikopo, maana najua shimo la bili mnalizibaje. Chukua mkopo wa 120, riba asilimia 10, mwaka mmoja, marejesho 11 kila mwezi. Unalipa riba ya 12 na unaona ni sawa. Lakini hukukaa na 120 mwaka mzima. Kila mwezi ulirudisha 10 ya mkopo wenyewe, kwa hiyo kwa wastani ulikuwa na 65 tu mkononi, huku riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza. Gharama halisi ni karibu asilimia 18 kwa mwaka. Ukikopa, uliza neno moja: riba ni juu ya mkopo wote, au juu ya salio lililobaki?

Na ile mikopo ya haraka ya asilimia 10 kwa mwezi usiifananishe na hii. Usipolipa, riba ikawa inaongezwa kwenye deni, ndani ya miezi 8 deni limepita mara mbili. Likifika mwaka, 100 imekuwa takriban 314. Kama mnalo deni la namna hiyo sasa, lilipeni kabla ya kuanza fungu lolote nililolitaja. Hakuna akiba itakayowalipa faida ya kushindana na riba hiyo.

Mwambie kaka yangu atoe karatasi za bima na risiti za ada za mwaka jana, yeye ndiye anazitunza. Na mkopo wa lile jokofu jipya mnalotaka msiusaini kwanza. Nitafutie tu ile karatasi ya masharti ya mkopo, tuisome pamoja.

Wifi yako