Tumbawe jeupe halijafa, Mhariri

Mhariri, mi msomaji wenu wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi. Ile picha ya maonyesho ya sanaa mliyoitoa, yale matumbawe yaliyofumwa kwa uzi mweupe, chini mmeandika "matumbawe yaliyokufa". Hapana jamani. Kazi yenyewe nzuri, sina ugomvi na msanii, ugomvi wangu ni hayo maneno mawili.

Tumbawe ni vinyama vidogo vidogo vilivyoungana vikajijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, huo ndo unalipikia chakula kwa mwanga wa jua na ndo unalipa rangi. Sasa maji yakizidi joto hata digrii moja tu juu ya kile kiwango cha juu lilichozoea, yakakaa hivyo wiki kadhaa, linautema ule mwani. Nyama inabaki kama kioo, mfupa unaonekana kwa ndani. Kwa hiyo likiwa jeupe lina njaa, halijafa, na maji yakipoa mapema mwani unarudi. Likifa kweli weupe haukai, linaota utelezi linakuwa kahawia chafu kama sufuria isiyosuguliwa.

Najua haya kwa sababu na mimi nafuma. Nilivutwa na Margaret na Christine Wertheim, mtu na dada yake, waliozaliwa Australia, ambao 2005 walianza kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa kroshia, kwa mbinu aliyoigundua mwanahisabati Daina Taimina mwaka 1997. Ni rahisi kuliko unavyodhani: kila mishono mitatu unaongeza mmoja, basi. Mizunguko ya kwanza unaona kisahani tu, baadaye ukingo unakosa pa kwenda unaanza kujikunja, ukija kushtuka una kitu kama rinda la gauni mkononi na ni tumbawe kabisa.

Nilifuma mawili, la pinki na jeupe, nikawaonyesha watu, na lile jeupe ndo lilinisumbua. Mmoja anauliza "hili bado hujaliwekea rangi?", mwingine "hili ndo limekufa?" Nikafuma la tatu nikaliweka pembeni, kwa uzi wa sweta kuukuu, kahawia na kijani iliyochujuka, hilo sasa ndo maiti. Hakuna anayelipiga picha! Wote simu juu wanakimbilia la pinki.

Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa matumbawe, yaani huko kuwa meupe, duniani kote kwa mara ya 4, baada ya 1998, 2010 na ile ya 2014 hadi 2017, so picha nyeupe mtaletewa nyingi tu na mkiandika yamekufa msomaji atasema inna lillahi afungue ukurasa wa michezo. Andikeni "yaliyopauka", herufi zenyewe karibu sawa.

Tena kuna mengine yakizidiwa na joto hayawi meupe, yanawaka zambarau na bluu kama taa za disko, 2016 yalipigwa picha hivyo huko New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ni rangi ya kujikinga na jua. Uzi wa zambarau nishanunua. Nikimaliza nitawatumia picha, nione hilo mtaliandikia nini.

Mfumaji, msomaji wenu