Mbwa Anakuja, Paka Yupo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na habari kwamba kituo cha kuokoa wanyama kimekubali kukupa yule mbwa zimenifurahisha, kwa sababu najua umelitamani jambo hili tangu utotoni. Kilichonifurahisha zaidi ni kusikia kwamba hujamleta bado, kwani sehemu kubwa ya ninayotaka kukuambia ni ya kufanywa kabla hajavuka kizingiti. Umeniuliza kuhusu kitanda chake, chakula chake na jina litakalomfaa. Hayo yatapatikana bila taabu, na baba yako tayari ana majina mengi kuliko mbwa anayeweza kuyabeba. Swali ambalo hukuliuliza ndilo linalonishughulisha: paka wako Chausiku atakuwa wapi siku hiyo, na atakuwa na njia gani ya kusema kwamba hataki?

Wewe umemchagua mbwa, paka hakuulizwa. Kwake yeye nyumba hiyo ni eneo lake ambalo amelitia harufu kila pembe, kwa kusugua mashavu kwenye miguu ya viti na kukwaruza pale pale kila siku, na sasa ataletewa mnyama mkubwa kuliko yeye, anayenuka ugeni, asiyejua mipaka yoyote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika shauri hili mwenyeji ni paka kabla hujawa wewe. Kwa hiyo ninakuomba ushike kanuni moja tangu mwanzo: mwendo wa mambo upangwe na Chausiku, wala usipangwe na hamu yako, na urefu wa likizo yako, na hata upole wa mbwa mwenyewe.

Anzia kituoni. Waulize wanajua nini kuhusu maisha yake ya awali: je, aliwahi kuishi nyumba moja na paka, au alikuwa mbwa wa mitaani aliyezoea kuwinda ili ale? Mara nyingi hawatakuwa na jibu, na hilo si kosa lao, lakini wanaweza kumpima kwa kumwonyesha paka aliye salama nyuma ya wavu, huku yeye akiwa amefungwa kamba. Ukiruhusiwa kuwapo, usishughulike sana na kubweka. Mbwa anayebweka, akarukaruka na kugeuka kukutazama ukimwita, huenda ana wazimu wa kucheza tu, na wazimu huo unafundishika. Mwangalie yule anayenyamaza. Mwili wake unakakamaa, mdomo unafunga, shingo inanyooka, macho yanamganda paka bila kupepesa, na hata ukimwekea kipande cha nyama puani hakioni. Huko ndiko uwindaji unakoanzia: kukodoa, kunyemelea, kukimbiza, kukamata. Mbwa wa namna hiyo si mbwa mbaya, na wako waliozalishwa kwa vizazi vingi ili wafanye hivyo hasa, kama Greyhound, mbwa wa mbio, na jamii ya terrier, mbwa wa kuwinda panya na wanyama wadogo, ingawa hata miongoni mwao wapo wanaoishi na paka kwa amani. Ila kama wa kwako ameshindwa kabisa kuondoa macho, ni heri ulijue hilo kituoni kuliko sebuleni kwako, wakati moyo wako umeshamzoea.

Kabla ya wanyama hao kukaribiana, wote wawili wapite kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imekamilika kwa mbwa na kwa paka pia, kwa sababu ugonjwa huo hauchagui. Na ukitokea kuumwa au kuparuzwa na mnyama ambaye historia ya chanjo yake haijulikani, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa achanjwe pia dhidi ya distempa na virusi vya parvo, maradhi mawili ya kuambukiza yanayoweza kumuua, apewe dawa ya minyoo, na aondolewe viroboto, maana kiroboto mmoja hupita kwa wote wawili na ndiye anayeambukiza aina moja ya tegu kwa mbwa na paka.

Hapo kwenye viroboto nisimame kidogo, kwa kuwa ndipo watu wema huua paka wao bila kukusudia. Dawa nyingi za viroboto na kupe zinazodondoshwa kwenye ngozi ya shingo ya mbwa zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu. Mbwa huivumilia vizuri. Ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja, na ikimwingia huanza kutetemeka, kisha degedege, na anaweza kufa. Usimpake Chausiku dawa ya mbwa hata tone moja kwa kudhani kwamba kupunguza kipimo kunatosha. Si hivyo tu: anaweza kudhurika kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa au kwa kumlamba manyoya. Mwombe daktari dawa ya mbwa isiyo na permethrini, umweleze wazi kwamba nyumbani kuna paka, na usome maandishi ya boksi mwenyewe.

Sasa nyumba. Anayetengewa chumba awe mbwa, maana yeye ndiye asiye na mazoea ya kupoteza, na paka aachwe na eneo lake karibu lote. Mtengenezee Chausiku njia za juu: rafu iliyo wazi, kichwa cha kabati, dirisha lenye ukingo mpana, zikiwa zimekaribiana kiasi kwamba anaweza kuvuka sebule bila kukanyaga sakafu. Paka anayejua kwamba anaweza kupanda hana sababu ya kukimbia, na paka asiyekimbia hamwamshi mbwa. Chakula chake kipandishwe juu. Trei yake ya mchanga iwekwe mahali ambapo yeye anapita na mbwa hapiti, nyuma ya geti dogo la ndani lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni au ndani ya chumba ambacho mlango wake umezuiwa usifunguke zaidi ya upana wa paka. Mbwa wengi hupenda kula kinyesi cha paka (utazoea kuyasikia mambo ya aina hii), lakini sababu kubwa ni nyingine: paka aliyevamiwa akiwa anajisaidia hatarudi kwenye trei ile, atatafuta zulia, na hapo usimlaumu wala usidhani analipiza kisasi. Anatafuta pahali pa usalama.

Siku mbwa atakapofika, mtembeze nje kwanza mpaka nguvu zimpungue, kisha mwingize moja kwa moja chumbani mwake na ufunge mlango. Wasionane. Najua utatamani waonane mara moja, kwa kuwa kila mtu hutamani hivyo, na wako wanaomweka paka ndani ya kasha lake la kubebea ili mbwa amnuse kwa nje. Usifanye hivyo kamwe: ni kumfungia mnyama mahali asipoweza kukimbia halafu kumletea kitu anachokiogopa, na woga anaoupata humo hautoki upesi.

Waanze kujuana kwa pua. Chukua kitambaa safi, mpapase nacho Chausiku mashavuni na chini ya kidevu, sehemu zenye tezi zinazotoa ile harufu anayoiachia vitu vyake, kisha ukiweke chumbani kwa mbwa. Kitambaa kingine mpapase nacho mbwa, na uende ukakiweke sebuleni, mbali kidogo na bakuli la paka. Kisha kaa utazame bila kusema kitu. Atakikaribia amejinyoosha, miguu ya nyuma imebaki ilipo ili aweze kurudi haraka, masharubu yameelekea mbele. Akinusa na kuondoka zake, au akarudi kula, umepata jibu zuri na kesho unaweza kukisogeza karibu zaidi. Akifoka, akalaza masikio na kutunisha mkia, kirudishe mbali, wala usiseme kwamba amekataa, amesema bado. Hilo likienda vizuri, walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, mabakuli yakianzia mbali na kusogea kidogo kidogo, ili harufu ya mwenzake iambatane na jambo jema.

Kuonana kwenyewe kuje baada ya hapo, geti likiwa katikati na mbwa akiwa na kamba mkononi mwako, na kuwe kwa dakika chache. Paka awe huru kuja na kuondoka. Usimpakate, kwa kuwa akishtuka atapanda kichwani kwako kwa kucha. Mfuko wako uwe na vipande vidogo vya nyama. Kila mara mbwa anapomtazama paka kisha akakugeukia wewe, hata kwa sekunde moja, mpe kipande. Hicho ndicho unachomfundisha, kwamba kuondoa macho kuna faida. Akianza kumganda paka, mgeuze na umtoe pale kwa utulivu, bila kumpigia kelele, kwa sababu ukimfokea kila anapomwona paka atajifunza tu kwamba paka huleta ukali wako. Maliza mambo yakiwa bado mazuri. Watu wengi huharibu kwa kuongeza dakika tano za mwisho.

Watasomana vibaya mwanzoni. Paka anayepigapiga mkia ameudhika. Mbwa akiona mkia unatikisika huenda akadhani anaitwa kucheza. Mbwa anayeinamisha kifua na kuinua makalio anaomba mchezo. Paka anaona mnyama anayejiandaa kurukia. Wewe ndiwe utakayekaa katikati mpaka wajifunze. Usimgombeze Chausiku anapofoka, kwani kufoka ni onyo linalozuia ugomvi, na paka aliyenyamazishwa huanza na makucha. Wala usikubali ushauri wa wale watakaokuambia uwaache tu, mbwa aparuzwe puani mara moja apate adabu. Ukucha ukikosa pua hupata jicho, na nimesikia habari za kutosha za mbwa waliopoteza jicho kwa adabu ya namna hiyo.

Jambo ambalo hupaswi kuruhusu hata mara moja ni kufukuzana. Kukimbiza kunamfurahisha mbwa kwa kukimbiza kwenyewe, hata asipokamata kitu, na akishaionja furaha hiyo utakuwa na kazi ya miezi ya kuiondoa. Ndiyo maana kwa wiki nyingi mbwa avae kamba hata ndani ya nyumba, ikiburuta sakafuni, ili uweze kuikanyaga kabla hajaondoka. Usiwaache peke yao chumba kimoja ukitoka, hata kwenda kuoga, mpaka muda mrefu uwe umepita bila tukio. Na hata hapo, ukienda kazini, mlango ufungwe.

Utaniandikia baada ya siku chache kwamba mbwa wako ni mtulivu ajabu, hana neno na paka, na huenda nilitia chumvi. Nakujibu mapema. Mbwa aliyetoka kituoni huwa amezubaa kwa woga siku za mwanzo, na utulivu huo si tabia yake. Wanaookoa mbwa husema siku 3 za kushangaa, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kujiona yuko kwao, na ingawa hakuna mbwa anayefuata kalenda, kipimo hicho kinakukumbusha kwamba mbwa halisi hujitokeza baadaye, akiwa amepata nguvu, ujasiri na njaa ya kucheza. Usilegeze mambo kwa sababu ya wiki moja nzuri.

Wakati huo wote mtazame Chausiku kuliko unavyomtazama mgeni. Mbwa akiwa na shida nyumba nzima itajua. Paka hujificha chini ya kitanda na watu wakasema ametulia. Hesabu anachokula. Akipitisha siku nzima bila kula, mpigie daktari, kwa sababu paka asiyekula kwa siku chache, hasa aliyenenepa kama yeye, anaweza kujaa mafuta kwenye ini na kuugua vibaya. Akiacha kujilamba, au akijilamba sehemu moja mpaka manyoya yanatoka, rudi nyuma hatua nzima, hadi kwenye mlango uliofungwa ikibidi. Na kila siku mpe saa yake peke yake na wewe, mbwa akiwa chumbani mwake.

Usitarajie zile picha za mbwa na paka waliolala wamekumbatiana. Wako wanaofika hapo, lakini wengi huishia kupuuzana, mmoja kwenye rafu na mwingine kwenye mkeka, na mimi naona hiyo ni amani kamili isiyohitaji kuongezewa kitu. Kama hata hiyo imeshindikana, ukiwa umefanya yote kwa subira na paka bado anaishi kwa hofu, mbwa arudi kituoni akatafutiwe nyumba isiyo na paka. Hakuna aibu katika hilo, na mbwa mwenyewe ataishi vizuri zaidi pasipo kuvutwa kamba kila anapogeuza kichwa. Waulize mapema kama wanampokea anayerudishwa na kwa masharti gani, na jibu lao liwe kwa maandishi.

Kwa hiyo usitie saini yoyote kwanza. Omba wampime na paka nyuma ya wavu, omba karatasi zake za chanjo, kisha uniandikie walivyosema na ulivyomwona kwa macho yako. Baba yako anakusalimu, nami nampapasa Chausiku kwa mbali.

Mama yako