Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shughuli, Ada na Suala la Thompson

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka. Siku nne za shabaha zimefanyika, maonyesho yamefanyika, semina ya usalama imefanyika, na kabati la silaha limekaguliwa pamoja na nyaraka zake bila dosari. Hayo mnayajua. Wasioyajua ni wale ambao hawakuja, nao ndio wengi.

Daftari lina wanachama 71. Waliolipa ada ni 38, wanaodaiwa mwaka mmoja ni 19, na 14 wanadaiwa miaka miwili au zaidi. Mkutano wa kuamua kama chama kiiuze Thompson, ile bunduki yetu ndogo ya rashasha, ambao ajenda yake kila mmoja wenu aliipata wiki tatu kabla, ulihudhuriwa na watu 16, yaani mmoja zaidi ya akidi. Kura 11 ziliunga mkono kuiuza, 5 zilipinga. Barua ya malalamiko niliyoletewa baadaye ina sahihi 23. Nimezipitia moja moja: 18 ni za watu ambao siku ya kura hawakuonekana, na 9 ni za wadaiwa.

Sasa niseme kwa nini tuliiuza.

Mnazungumza kana kwamba tumeuza Thompson ya 1921 iliyotengenezwa na Colt. Hizo zilitengenezwa 15,000 tu, na ningekuwa nayo mkononi nami nisingeiachia. Yetu ilikuwa toleo la M1928A1, lililotoka kiwanda cha Savage wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mmiliki mmoja huko nyuma aliing'arisha upya. Mwenye shaka angepitisha kidole ubavuni mwake: herufi za kiwandani zilikuwa zimelika kwa msasa, nyingine hazisomeki kabisa, na rangi nyeusi iliyopakwa juu ilimeremeta kuliko ilivyowahi kumeremeta bunduki yoyote ya jeshi. Mkusanyaji analipia uasilia. Ukishausugua haurudi, hata uitunze miaka 100.

Halafu kuna kutegemeka kwake. Siku ya pili ya shabaha kile kipande cha shaba chenye umbo la H, kilichomo ndani ya bolti (chuma kinachokwenda mbele na nyuma bunduki inapofyatua), kilipasuka sikio. Risasi tatu, kimya. Nilikifungua mimi mwenyewe mbele ya waliokuwapo. Kipande hicho kiliwekwa kwa nadharia kwamba metali mbili tofauti hushikana zikiwa chini ya shinikizo kubwa. Jeshi la Marekani lilipokubali toleo jipya la Thompson, M1, mwaka 1942, kiliondolewa, na bunduki ikaendelea kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo tulikuwa tunahangaikia kipuri ambacho wenyewe walishakiona si cha lazima. Nakiri magazini ya Thompson, yaani kasha lake la risasi, ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini bunduki yenyewe ina karibu kilo 5 bila risasi, na wenzetu wenye umri mkubwa walikuwa wakifyatua mara mbili kisha wanaomba kiti.

Badala yake tulinunua Uzi, nayo ni rashasha ndogo, iliyosajiliwa kabla ya Mei 1986. Bolti yake inauzingira mtutu kwa nyuma, ndiyo maana ni fupi, na magazini yake hulisha risasi kutoka pande zote mbili, kushoto na kulia kwa zamu. Wapo waliotaka MP40 ya Wajerumani. Ni nzuri kwa kutazama. Lakini magazini ya MP40, kama ya Sten ya Waingereza na ya M3 ya Wamarekani, hubana safu mbili za risasi ziwe moja mdomoni. Uchafu kidogo au mdomo ukipinda, inagoma. Waingereza wenyewe walikuwa wakipunguza risasi kwenye magazini ya Sten yenye nafasi 32 ili isikwame. Kuhusu rashasha ya Reising, namheshimu mwenzetu aliyeipendekeza, lakini vipuri vyake vilitiwa kwa mkono, cha hii hakiingii kwenye ile, na askari wa Marines wa Marekani waliichukia kule Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki walikopigana vitani. Rashasha ya Carl Gustaf ya Sweden ningeichagua kabla ya zote. Lakini zilizosajiliwa hapa Marekani ni chache mno.

Thamani, mkumbuke, haiko kwenye chuma. M3 iliigharimu serikali takriban dola 20. Leo bei inapandishwa na karatasi za usajili, kwa sababu tangu sheria ya Marekani ya 1986 raia hawezi kusajili bunduki mpya ya rashasha. Ndiyo maana hata iliyochomelewa ovyo inauzwa kwa fedha za gari. (Na wale walioniuliza: kodi ya dola 200 ya kuhamisha umiliki, ya tangu 1934, imefutwa mwaka 2026 kwa viziba sauti, si kwa rashasha.)

Hesabu ni hii: Thompson dola 23,500, Uzi na magazini zake dola 15,800, kodi dola 200, zilizobaki dola 7,500 ziko benki, na mweka hazina anazo stakabadhi. Tangu Uzi ifike haijakwama kwa kosa lake. Mara moja ilikwama kwa risasi za kujitengenezea ambazo mwanachama mmoja alikuja nazo, jambo ambalo lilishakatazwa. Kazi ya kufuatilia vibali niliifanya peke yangu, bila posho.

Mwakani, fedha zikiruhusu na wanachama wakijitokeza, tunatarajia kuongeza siku za shabaha, pengine kutafuta M3A1, na kuangalia upya utaratibu wa maonyesho. Wadaiwa 33 wamwone mweka hazina kabla ya uchaguzi, kwa kuwa ibara ya kura haitalegezwa safari hii.

Mwenyekiti