Tumbo la chura kioo si habari yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala ya picha mliyoichapa juma lililopita, "Chura Asiyeonekana", iliyomhusu chura kioo, yule ambaye ngozi ya tumbo lake ni angavu hata viungo vya ndani vinaonekana. Mimi ni mwalimu wa baiolojia mstaafu. Ualimu nimeuacha lakini kalamu nyekundu bado haijaniacha, kwa hiyo mniwie radhi.

Picha ilipendeza, hilo silipingi. Lakini mjukuu wangu aliitazama kidogo tu, akauliza swali ambalo makala nzima haikuligusa: "Babu, aliyepiga hii picha alikuwa amekaa wapi?" Mtoto alilenga penyewe. Picha zile hupigwa kutoka chini, chura akiwa amewekwa juu ya kipande cha kioo. Msituni hakuna ndege wala nyoka anayemwona hivyo. Mchana chura kioo hulala akiwa amejibana kwenye jani, awe juu yake au amening'inia upande wa chini, na tumbo lote limegandana na jani. Kinachobaki nje ni mgongo, nao ni wa kijani. Kwa hiyo yule "asiyeonekana" wenu anaonekana, tena ana rangi. Hata moyo, ambao makala inasema unauona kwa kila chura kioo ukidunda, kwa spishi nyingi umefunikwa na utando mweupe. Wanaouonyesha waziwazi ni wachache, kama Hyalinobatrachium yaku wa Ekwado, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2017.

Sasa kama tumbo limefichwa na mgongo ni wa kijani, uangavu wa nini? Hapo ndipo palipokuwa na habari, na mkapita.

Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba rangi ya mwili wenyewe haibadiliki sana chura akihamishwa kutoka jani moja kwenda jingine. Kinachobadilika ni miguu. Akilala huikunja ikamzunguka mwili, na kwa kuwa inapitisha mwanga zaidi kuliko mgongo, ule ukingo mkali unaomwambia ndege "hapa pana chura" hufifia polepole hadi kwenye jani. Walifinyanga vyura 360 wa jelatini, nusu wakipitisha mwanga na nusu wasiopitisha, wakawaacha msituni Ekwado kwa siku tatu. Ndege waliwadonoa wale wasiopitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kwa hiyo neno sahihi si kutoonekana. Ni kukosa ukingo.

Halafu kuna damu. Nilipokuwa darasani nilikuwa nikisema kwamba mnyama mwenye uti wa mgongo hawezi kuwa mwangavu nchi kavu, kwa sababu hata ukiondoa rangi yote ya ngozi na misuli, damu nyekundu itamsaliti. Mwezi Desemba 2022 jarida la Science lilinisahihisha. Jesse Delia, Carlos Taboada na wenzao walimchunguza Hyalinobatrachium fleischmanni, chura wa sentimita mbili na ushee, akiwa macho na akiwa usingizini. Akilala, takriban asilimia 89 ya chembechembe zake nyekundu za damu huondoka kwenye mzunguko na kwenda kujazana ndani ya ini. Ini hilo limefunikwa na fuwele zinazorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia, kwa hiyo wekundu wote hubaki ndani ya kifuko kinachong'aa. Mishipa hubaki na majimaji yasiyo na rangi, na chura huwa mwangavu mara mbili hadi tatu zaidi. Akiamka, damu hurudi kazini na wekundu hurudi mwilini.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Sisi chembe hizo zikisongamana mahali pamoja, damu huganda na pengine ndiyo safari. Chura huyu huzifungasha kila siku, huzifungua kila jioni, na bado akijeruhiwa damu yake huganda kama kawaida. Vipi anaishi saa nzima nzima bila chembe za kubeba oksijeni, hakuna bado aliyeeleza vya kutosha. Makala yenu ilikuwa na maneno kadhaa kuhusu "urembo wa ajabu" na hakuna hata moja kuhusu hili.

La tatu ni malezi, na hapa nitakawia kidogo, maana ndilo ninalolipenda.

Vyura hawa hutaga juu ya majani yanayoinamia kijito. Mayai hukaa kwenye ute, mafungu madogo yaliyobandikwa kwenye jani, na viluwiluwi wakianguliwa hudondoka majini na kujizika kwenye matope na majani yaliyooza. Kati ya kutagwa na kudondoka, nani anakaa na mayai? Kwa spishi nyingi za jenasi Hyalinobatrachium, ni baba. Usiku hutambaa juu ya fungu, akashusha tumbo lile lile mlilolipiga picha, akalibonyeza kwenye ute na kuyalowesha mayai yasikauke. Akimaliza hili huenda kwa fungu jingine, maana baba mmoja anaweza kuwa na mafungu kadhaa ya mama tofauti, na ya umri tofauti. Kati ya zamu mbili huita, akitafuta mama mwingine. (Mjukuu wangu alicheka sana hapo. Nikanyamaza.) Nchini Kosta Rika yupo Hyalinobatrachium valerioi, ambaye hulinda mchana na usiku, na madoa ya mgongoni mwake yanafanana na fungu la mayai lililo kando yake, hata mtu huhesabu mafungu matatu kumbe moja ni baba. Baadhi ya akina baba hawa wameonekana wakiwapiga teke nyigu wanaokuja kunyofoa mayai.

Na watoto ndani ya mayai si mizigo tu. Baba akitoweka na ute ukianza kukauka, huharakisha kuanguliwa na kujitupa majini mapema. Baba akiwepo huvuta siku, wakakua zaidi kabla ya kukutana na samaki.

Akina mama nao walikuwa wamesingiziwa. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba hutaga na kwenda zao. Utafiti uliotolewa mwaka 2017, uliokusanya spishi 40, ulionyesha kwamba kwa nyingi kati ya hizo mama hubaki saa kadhaa usiku ule ule, tumbo juu ya mayai, hadi ute unywe maji na kuvimba. Ute uliovimba ni ukuta dhidi ya wadudu walao mayai. Watu hawakuwa wameliona kwa sababu hawakukesha.

Kosa dogo la jiografia: mliandika kwamba wanaishi "katika misitu ya tropiki duniani kote". La. Familia hii, Centrolenidae, yenye spishi zaidi ya 150, iko Amerika tu, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Bolivia, kaskazini mwa Argentina na kusini-mashariki mwa Brazili. Milima ya Andes ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi. Na wala si wote wadogo wa kukaa juu ya kidole: wa kwanza kuelezwa kisayansi, Centrolene geckoideum, mwaka 1872, hukua hadi takriban sentimita nane na huishi kwenye maporomoko ya maji.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Sentensi yenu ya mwisho ilisema chura kioo "ni mnyama mzuri wa kufuga nyumbani". Mhariri, mwaka 2016 waliosajiliwa kuingizwa Marekani walikuwa 13. Mwaka 2021 walizidi 5,700. Watu walikuwa wamewaona kwenye picha kama yenu. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, mjini Geneva mwaka 2019 ulikataa kuwawekea udhibiti. Ule wa Panama, Novemba 2022, ukaiingiza familia nzima kwenye Kiambatisho cha II, kwa maana kwamba biashara ya kimataifa sasa inahitaji kibali. Waliingizwa wote kwa pamoja kwa sababu ya wazi: afisa wa forodha akifungua kisanduku hawezi kutofautisha spishi iliyo hatarini na ile isiyo hatarini. Wote kwake ni vijani vidogo vinavyolala.

Kibali hakizuii misitu ya mawingu kukatwa, wala hakizuii kuvu inayoua vyura. Lakini anayenunua anadhani amenunua tumbo lile la kwenye picha, na atakachokipata mchana ni kipande cha kijani kilichojikunja pembeni ya sanduku. Jani linaloinamia kijito hatalipata, na bila kijito viluwiluwi wana pa kudondokea?

Ombi langu ni mawili. Sentensi ya kufuga iondoeni kwenye nakala iliyoko mtandaoni. Na kama mtairudia habari hii, tafuteni picha ya usiku iliyopigwa kutoka juu, baba akiwa kando ya mayai yake. Mjukuu wangu ameshaahidi kuhesabu mafungu.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu