Kuvu iliyokufa hunasa madini ya risasi, ila pimeni pH kwanza

Mhariri,

Anayetaka kuondoa madini ya risasi au kadimiamu kwenye maji kwa kuvu asihangaike kuikuza humo ikiwa hai. Aspergillus niger (aina ya ukungu mweusi) iliyokufa inafaa zaidi: haidhuriwi na sumu wala haihitaji chakula. Ichemshwe dakika 15 katika haidroksaidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, isuuzwe vizuri, ikaushwe kwa nyuzi 60, isagwe.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake. Ikishuka chini ya 3, ioni za haidrojeni huwahi nafasi za metali kwenye kuta za seli za kuvu, hivyo pH iwekwe 5. Unga laini mno huziba chujio, hivyo ufungwe kwenye punje za aljineti (ute mgumu wa mwani). Na jamani, asidi ya kuoshea punje ili ziachie metali zilizonaswa isimwagwe ovyo: sumu yote imehamia humo.

Msomaji