Birika kwanza, sumu hapana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie konokono. Si yule mkubwa anayekula mboga bustanini, bali mdogo wa majini, anayeng'ang'ania majani na mawe ukingoni mwa malambo tunayonyweshea ng'ombe huku Pawaga, Iringa.

Mwezi uliopita nilipeleka maksai wawili machinjioni. Kwa nje walikuwa na afya. Mkaguzi wa nyama alipopasua maini, mirija ya nyongo ilikuwa imekakamaa, na kisu kilikwaruza kana kwamba kinapita kwenye mchanga. Alipoiminya wakatoka minyoo bapa mfano wa majani, mingine mirefu kama kidole changu. Maini yote mawili yakatupwa shimoni na mnunuzi akapunguza bei. Fedha ni fedha, itatafutwa tena. Kilichoniuma ni maneno ya kijana aliyekuwa akichuna ngozi: "Mzee, ng'ombe wa kwenu ndivyo walivyo." Yaani tumeshazoea.

Wenzangu wengi wanaamini minyoo hii huhama moja kwa moja kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Sivyo. Mayai yake hutoka na kinyesi. Ng'ombe akiingia lamboni kunywa, akanya humo humo, mayai huanguliwa baada ya wiki mbili tatu. Kijidudu kinachotoka kina kama siku moja tu ya kumpata konokono, na kikimkosa hufa. Kikimpata, humwingia mwilini na kuzaliana humo, kimoja kikazaa mamia. Watoto hao hutoka, huogelea hadi kwenye nyasi za ukingoni, hujifungia kwenye kifuko kidogo kisichoonekana kirahisi kwa macho, kisha humngoja ng'ombe aje kula. Akiwameza, hutoboa utumbo na kulichimba ini kwa wiki kadhaa kabla ya kufika kwenye mirija ya nyongo. Ng'ombe hukonda, maziwa hupungua, na akizidiwa utamwona ana uvimbe laini chini ya taya.

Konokono anayewabeba ni wa aina moja hasa, Radix natalensis, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Lymnaea natalensis. Nasisitiza jina kwa sababu kijijini kila konokono wa majini anaitwa wa kichocho. Okota gamba, lishike ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, gamba lisilo nene na tumbo pana, huyo ndiye wa minyoo ya ini. Ukiwa kushoto, huyo ni Bulinus, anayeeneza kichocho cha mkojo wa damu. Yule bapa aliyejiviringisha kama kamba ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Mwanangu wa darasa la tano alijifunza kuwatenganisha kwa jioni moja tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Katika mkutano wetu wa kijiji lilitolewa pendekezo la kumwaga sumu lamboni ili konokono wafe, na wengi walipiga makofi. Nilipinga siku ile na ninapinga leo. Sumu ya konokono huua na samaki, na lambo letu lina perege wanaolisha nyumba nyingi. Isitoshe, konokono huyu ana uume na uke katika mwili mmoja, na anaweza kutaga mayai yanayoanguliwa hata akiwa peke yake. Akibaki mmoja kwenye matete, au akiletwa na mafuriko ya masika, msimu ujao lambo limejaa tena, na kijiji kinatafuta fedha za sumu nyingine.

Tunachohitaji ni birika. Lambo lizungushiwe uzio wa miiba, bomba lipite kwenye tuta, na maji yateremke yenyewe hadi kwenye birika la saruji upande wa chini, pakiwa pamesakafiwa kwa mawe ili pasigeuke dimbwi. Ng'ombe atakunywa bila kukanyaga maji, kinyesi hakitaingia lamboni, na nyasi za ukingoni hazitaliwa. Konokono atabaki na maji yake, lakini mnyoo atakuwa amekatiwa njia. Inasikitisha kuona malambo yanachimbwa kwa gharama kubwa, yanazinduliwa, na hakuna hata birika moja lililowekwa kwenye mchoro.

Dawa nayo tunaitumia vibaya. Albendazoli tunayoizoea huua minyoo iliyokomaa tu. Michanga inayochimba ini huiacha salama. Triklabendazoli huua yote miwili, michanga na iliyokomaa. Basi muulizeni bwana mifugo kabla ya kununua, hasa baada ya kulisha kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa au kando ya mto wakati wa kiangazi, kwa kuwa huko ndiko kwenye unyevu na konokono.

Halmashauri yetu ikipanga bajeti ijayo, naomba fungu la malambo litaje mabirika na uzio kwa maneno. Kijiji chetu kiko tayari kusomba mawe na mchanga. Saruji na bomba ndivyo vinavyotushinda.

Mfugaji,
Pawaga, Iringa