Barua ya manjanika

Tanga, Jumapili jioni

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku hatujambo, mvua za vuli zimeanza. Wiki nzima nimekuwa nikikukumbuka, wewe na yale malalamiko yako juu ya manjanika, ile mashine ya vita ya kurushia mawe.

Unakumbuka tulivyocheza Age of Empires II, ile gemu ya vita ya kompyuta, mpaka mwenye kompyuta anatuzimia taa? Ulikuwa ukishajenga ngome na kuitoa ile manjanika kubwa, ya gharama ya mbao 200 na dhahabu 200, subira inakuishia. Itembee kwanza imekunjwa, ikifika isimame, ijikunjue, ndipo irushe. Ukawa unapiga meza: "Mashine gani hii, adui ameshafika yenyewe haijaamka!" Siku zile nilikuunga mkono. Sasa nimebadilisha mawazo: gemu ilituhurumia mno.

Nimesoma habari za Abu al-Fida, kijana wa ukoo uliotawala Hama, kule Shamu (Siria ya leo), ambaye baadaye alikuja kuwa mtawala na mwanahistoria. Mwaka 1291 alikuwa na miaka 18 hivi. Sultani al-Ashraf Khalil wa Misri alipokwenda kuuzingira mji wa Akka, uliokuwa mikononi mwa Wazungu wa vita vya msalaba, watu wa Hama walipewa kazi ya kuipeleka huko manjanika iliyoitwa al-Mansuri, kutoka ngome ya Hisn al-Akrad. Manjanika moja tu, sahibu! Ilipakiwa vipande vipande kwenye magari 100 ya kukokotwa na ng'ombe. Yeye akakabidhiwa gari moja. Anasimulia kwamba kabla ya kufika Damascus walikutwa na mvua na theluji. Magari yalikuwa mazito, ng'ombe wakadhoofika na kufa kwa baridi. Njia ambayo mpanda farasi huimaliza kwa siku 8 hivi, wao iliwachukua mwezi mzima.

Hilo gari moja halinitoki akilini. Mtoto wa nyumba ya watawala anakwenda kwenye vita vikubwa vya zama zake, na amana yake ni sehemu moja katika mia ya mashine, na ng'ombe wanaomfia njiani. Sisi tulibonyeza mara moja tu ikatembea.

Neno lenyewe tulilijua tangu chuoni, mwalimu alipotusimulia Nabii Ibrahim alivyotiwa kwenye manjanika akarushwa motoni. Mimi nilikuwa napiga picha ya manati yetu, ile panda ya mpera na mpira wa tyubu, ila kubwa. Kumbe sivyo, haina mpira wala haivutwi nyuma. Ni boriti ndefu juu ya mhimili, kama pembea ya ubao ya watoto, huku ikipanda huku ikishuka, upande mmoja mfupi na mmoja mrefu. Zile za kale zilivutwa kwa kamba na watu upande mfupi. Kule Debal, katika nchi ya Sind (Pakistan ya leo), mwanzoni mwa karne ya 8, jeshi la Muhammad bin Qasim lilikuwa na moja iliyoitwa al-Arus, Bibi Harusi, na wavutaji wake walikuwa 500. Ile ya kwenye gemu yetu ilikuja baadaye: mahali pa watu pakawekwa sanduku zito la mawe au udongo.

Juzi tumeunda ndogo, mimi na mpwa wangu. Upande mfupi tumening'iniza kopo la mchanga, upande mrefu kombeo la kitambaa lililoshikwa na msumari. Ndimu ya kwanza ilipaa moja kwa moja ikaangukia bati la jirani. Tatizo lilikuwa msumari: umenyooka, kwa hiyo kombeo linachomoka mapema. Tukaupinda kidogo kwa koleo, ndimu ikavuka ua mzima mpaka kwenye mnazi. Mtoto alipiga kelele za furaha mpaka mama yake akatoka jikoni.

Jambo moja limeniuma, nalo nakuandikia wewe kwa sababu tulikuwa wote. Mwaka 1304 Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliizingira ngome ya Stirling, Uskoti. Mafundi seremala wake walimjengea manjanika kubwa mno, ikaitwa Warwolf. Waliokuwa ndani wakataka kusalimu amri. Mfalme akakataa, hakuna kutoka mpaka aipige ngome kwa mashine yake mpya. Nikamkumbuka yule bwana mdogo tuliyekuwa tukicheza naye, anaandika "nimeshindwa", nasi tunamwambia asitoke kwanza, tumalize kuta. Alikuwa akikaa kimya anatazama. Ukionana naye huko, nisalimie sana, umwambie nimemkumbuka.

Mpwa wangu sasa anataka kubwa. Ameshaomba boriti ya mkandaa ya pima mbili, na fundi wa mashua amekubali kututobolea tundu la mhimili. Ukija Idi tutaipeleka ufukweni maji yakitoka.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.